Mninga ni wa Vitanda: Ubao wa Skeitibodi Yako ya Kwanza ya Umeme

Juzi nimeamka na ujumbe wa kijana wa Mwanza. "Shikamoo kaka. Naunda skeitibodi ya umeme. Mota ninayo, betri nimeagiza. Seremala nimeshampata, ana mninga mzuri hatari, anasema ataupiga vanishi mpaka ung'ae. Una neno?"

Marahaba, mdogo wangu. (Kwa asiyeijua skeitibodi: ni ubao wa kusimamia wenye magurudumu chini, na hii ya umeme inasukumwa na mota.) Neno ninalo, tena nina goti la kushoto ambalo lilianza kuuma nilipofika hapo kwenye vanishi.

Mimi pia nilikuwa na seremala wangu, Keko hapa Dar. Nilimchorea umbo kwenye karatasi la boksi, urefu inchi 38, upana 9, akaninyooshea kipande cha mninga unene wa sentimita mbili na nusu. Niseme kweli: sijawahi kushika kitu kizuri kama kile. Wekundu uliotulia, mistari ya mti inakwenda kama maji ya mto, na harufu yake ilijaa chumba kizima. Nikaupiga picha kabla hata sijautoboa. Nikaituma kwenye magrupu yote. Watu wakaniita injinia, nami nikalipokea jina.

Siku ya nne nikapanda tuta moja Sinza kwa mwendo wa kawaida tu. Nikasikia "kwaa!" kama kuti kavu linalokatika. Ubao ulikuwa umepasuka kwa urefu, ufa ukipita sawia katikati ya matundu mawili ya bolti za traki ya nyuma, ile ekseli inayobeba mota. Traki ikabaki imening'inia kwa bolti mbili upande mmoja, mkanda wa mota unaozungusha gurudumu ukajisokota, mimi nikakaa chini barabarani mbele ya kibanda cha chipsi.

Kosa halikuwa la seremala. Mbao moja nzima nyuzi zake zote zinakwenda upande mmoja, na bolti za traki zinapanga matundu yake kufuata nyuzi hizohizo. Ni kama kuchanja kuni kwa kabari, ila kabari ni uzito wako. Ubao wa dukani unatengenezwa kwa tabaka nyembamba za mti, mara nyingi saba za mepo (mti mgumu wa ng'ambo, "maple"), zilizogundishwa kwa gundi, na baadhi zimelazwa kukatisha nyingine. Ufa ukianza tabaka moja, tabaka inayokatisha inauzuia. Ndiyo maana vile vibao vyepesi vinarushwa kwenye ngazi za saruji na havipasuki kirahisi, na mninga wangu wa kilo kadhaa ulishindwa na tuta la Sinza.

Ungedhani nimejifunza. Wapi! Nilikwenda kuchagua tena kwa macho.

Wakati huo nilikuwa nimezama kwenye picha za Boosted, wale Wamarekani waliokuwa wakitengeneza skeitibodi za umeme, wakafunga biashara 2020. Ubao wao wa mwanzo ulikuwa wa mianzi, unanesa chini ya miguu kama kitanda cha kamba. Nikasema hicho ndicho changu. Nikaagiza wa mianzi, nikausubiri wiki nyingi ambazo sitawachosha nazo. Ulipofika nikaulaza chini na kurukaruka juu yake kama mtoto. Barabara zetu zina mabaka, nikajiambia, huu utanipunguzia mtikisiko. Na kweli ulipunguza.

Nilichokuwa sijakiangalia kwenye zile picha ni tumbo la ubao. Boosted waliweka betri mwisho mmoja, kidhibiti cha mota mwisho mwingine, katikati wakaacha patupu ili paneseke. Mimi nilikuwa na seli 30 za 18650 (vile vibetri vya lithiamu vya mviringo), volti 42 zikijaa, nikazipanga safu mbili za seli 15 ndani ya kasha moja gumu na kulifunga katikati kabisa, mahali ubao unapobonyea kuliko popote. Kila nilipopanda, ubao ulishuka, kasha likagoma, na zile kanda nyembamba za nikeli zilizochomelewa kuunganisha seli zikawa zinakunjwa na kukunjuliwa. Chukua waya mwembamba uukunje hapohapo mara mia uone.

Umeme ulikatika nikishuka mteremko wa Chuo Kikuu, Mlimani. Skeitibodi ya umeme kama yangu haina breki nyingine, mota ndiyo breki. Betri ikizima, na breki imekwenda. Nilibonyeza rimoti nyuma, nikabonyeza tena, kimya, na wanafunzi wako pembeni wananitazama. Nilichagua nyasi. Nyasi zilikuwa na kokoto.

Mmoja wao alirekodi. Video ilizunguka wiki nzima, na kuna mtu tuliyesoma naye aliyeiweka kwenye grupu la darasa akaandika "Injinia wa mninga". Hata haukuwa mninga! Sijawahi kumjibu. Nilipofungua kasha nyumbani nilikuta kanda mbili zimekatika na nailoni ya seli moja imesuguliwa hadi chuma kinaonekana. Ningeendelea siku mbili tatu zaidi pengine ningekuwa naandika habari ya moto.

Ubao ninaopanda leo niliupata mtumba Karume. Mepo, inchi 36, mchoro wa chini umechubuka wote, hakuna mtu atakayeupiga picha. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji matofali mawili, nikaulaza juu yake, nikasimama katikati. Alinicheka, lakini haukubonyea hata nusu sentimita. Nikampa hela yake. Jumapili iliyopita nimekwenda nao kutoka Mwenge hadi Coco na kurudi, betri haikukohoa.

Kwa hiyo ukinunua, panda kwanza. Ukinesa, achana nao, huo ni wa kusukuma kwa mguu. Geuza uone tumbo: liwe bapa, maana kasha halikai juu ya mgongo wa kobe, vumbi na maji vitapita pembeni. Pima nafasi kati ya traki mbili. Seli 30 kwa mpango wangu zinakula kama sentimita 28 kwa 13, ongeza kidhibiti, ongeza mota inayotokeza kwa ndani. Wale wa ng'ambo watakusifia ubao uliochongwa traki zipite ndani yake ili ukae chini. Huko hawana matuta yetu. Wewe funga traki chini ya ubao, kasha lipate kupita.

Na acheni kununua sifa, wadogo zangu. Tunaanza na picha, tunamaliza na bandeji. Ubao hauonekani ukiwa juu yake, umeufunika kwa miguu na ule msasa wa kuzuia viatu visiteleze, sasa vanishi ya nani?

Wewe wa Mwanza, mpigie seremala leo hii kabla hajashika randa. Mwambie ule mninga akutengenezee stuli. Wangu nimeugundisha, ni rafu ya vikombe jikoni, na mama watoto anausifia kwa kila mgeni.