Usilipie fomu ya tamasha kabla hujapata karatasi ya wimbo

Mkuu, sitisha kwanza hayo malipo. Umeuliza filamu yako fupi uanze kuituma ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, au nje, na kama skripti yako nyingine uiingize kwenye mashindano kwa Kiswahili au Kiingereza. Lakini katikati ya maelezo umeandika kwamba kuna wimbo wa dansi wa zamani, "sekunde 25 tu, kwa hiyo hauna shida". Una shida kubwa.

Hakuna sheria ya sekunde 30, kwamba kipande kifupi cha wimbo hakihitaji kibali. Haipo Tanzania, haipo Marekani, ni maneno ya studio. Sisi alitujaza nayo prodyuza mmoja anayejiita mzoefu, tena akiongea kama wakili, na hela yake alishachukua. Nina hasira naye mpaka leo. Angesema hajui tungeuliza kwingine.

Tamasha lilituchagua, tukashangilia, kisha ikaja barua pepe: leteni kibali cha muziki. Wimbo mmoja una haki mbili, ya mtunzi na ya rekodi yenyewe. Familia ya mtunzi ilitupokea vizuri na kukubali, kumbe hiyo ni nusu. Nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kanda zake ziko TBC, shirika la utangazaji la taifa, na ridhaa ya familia haigusi kanda. Tukiwa bado tunazunguka na barua, tarehe ikapita, filamu ikatolewa kwenye ratiba.

Najua utasema toa wimbo, weka mwingine. Mimi ndiye niliyehariri. Kwenye filamu yetu mama anageuza vitumbua, na kila akigeuza kimoja gitaa la solo linajibu. Nilikata picha kwa kufuata gitaa. Ondoa wimbo, mikato yote inayumba, mama anatabasamu bila sababu. Tena redio ilikuwa inapiga palepale wakati wa kurekodi, kwa hiyo wimbo umeingia kwenye kinasa sauti pamoja na maneno ya mama. Huwezi kuutoa ukabaki na mazungumzo safi.

Na usidanganywe kwamba wa zamani ni wa bure. Hakimiliki inadumu maisha yote ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake.

Karatasi kwanza, kuhariri baadaye. Iandikwe jina la filamu, jina la wimbo, matamasha na mtandaoni, nchi zote, muda gani, shilingi ngapi, na wasaini wenye haki zote mbili. "Mwanangu yule, keshakubali" si karatasi. COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, wanaweza kukuelekeza kwa mwenye haki. Mfuko ukiwa mwepesi, tafuta mpiga gitaa atunge kipya, mlipe, asaini utunzi na rekodi siku hiyohiyo. Na mnapopiga picha, redio izimwe kabisa.

Kwenye skripti ni rahisi zaidi: usinakili mashairi ya wimbo wa mtu, andika tu "redio inapiga dansi ya zamani" uendelee.

Sasa nijibu hapa kabla hujalipa chochote: redio ilikuwa inalia mkiwa mnarekodi mazungumzo, au wimbo mliuweka mezani kwa mhariri? Kama ni mezani, bado unaokoka, na wapo wapiga gitaa humu nitakaowaita kwenye uzi huu leo.