Hakimu Hakuandika Njaa: Ushauri kwa Mwenye Ndugu Gerezani

Kila ninaposema mbele ya watu kwamba wafungwa wetu wanastahili kutendewa utu kuliko ilivyo sasa, jibu la kwanza ninalopewa ni lile lile: kama hawakutaka shida, wasingeiba. Silidharau jibu hilo, hasa hapa Mbeya, ambako wengi wetu tunaikumbuka miaka ya wapiga nondo, wahalifu waliowavizia watu na kuwapiga kwa vyuma, wakati mtu mzima aliogopa kurudi nyumbani peke yake giza likishaingia. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kuingia na kutoka magerezani, kwanza nikiwa mjumbe wa kikundi cha kanisa kinachotembelea wafungwa na baadaye nikiwa shangazi wa kijana aliyewekwa mahabusu, nimefikia msimamo ambao sitarajii kuuacha. Pamoja na msimamo huo, nimejifunza mambo ambayo ningefurahi kama mwenye ndugu gerezani angeyajua mapema, kabla hajapoteza muda na fedha.

Msimamo wenyewe ni huu: mahakama inapomhukumu mtu kifungo, adhabu yake ni kunyang'anywa uhuru kwa muda uliotajwa, basi. Hakimu haandiki kwenye hukumu yake njaa, wala kifua kikuu, wala kulala ubavu mmoja usiku kucha kwa sababu selo imejaa, wala matusi ya kutukaniwa mama. Mambo hayo yakimfikia mfungwa, huwa yameongezwa na mtu ambaye sheria haikumpa mamlaka ya kuhukumu, au yameachwa tu yatokee kwa sababu hakuna anayeuliza. Katiba yetu ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13(6)(e), inapiga marufuku mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha, na haikumtoa mfungwa katika ulinzi huo. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizofanyiwa marekebisho Desemba 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinaeleza jambo lile lile kwa undani zaidi: kumtenga mtu na dunia tayari ni mateso, na gereza halipaswi kuyazidisha.

Wapo wanaoamini kwamba ukali ndio dawa, lakini nchi hii imekwisha kuijaribu dawa hiyo, tena kwa kipimo kikubwa. Wajerumani, enzi za ukoloni, walikuwa na hamsa ishirini yao, yaani viboko 25. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1963 ya viwango vya chini vya adhabu iliagiza kwamba mtu akipatikana na hatia ya makosa kama rushwa au wizi wa mifugo, pamoja na kifungo, achapwe viboko 24, yaani 12 akiingia gerezani na 12 akitoka, na wazee wakawa wanatania kwamba vile vya kutokea ni vya kwenda kumwonyesha mkewe. Mwaka 1972 sheria ile ikafutwa na kuandikwa nyingine, na wezi wa ng'ombe walikuwa bado wapo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa muda mrefu na fimbo naifahamu. Inamfundisha mtoto kujificha vizuri zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaosema "wasingeiba" hulisahau. Sehemu kubwa ya watu walio nyuma ya kuta zile hawajahukumiwa. Ni mahabusu, ambao kwa ibara hiyo hiyo ya 13 wanapaswa kuchukuliwa kuwa hawana hatia mpaka ithibitike, lakini wanapelekwa mahakamani kwa karandinga, wanaambiwa kwamba upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine inapangwa, wanarudishwa. Walio na mashtaka ya mauaji au unyang'anyi wa kutumia silaha hawana dhamana kwa mujibu wa sheria, na hao wanaweza kukaa miaka. Wengine dhamana yao iko wazi tangu siku ya kwanza, wamekosa tu mtu wa kusimama kuwadhamini.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wa kaka yangu, aliyeshtakiwa kwa wizi wa bidhaa katika duka alilokuwa ameajiriwa. Dhamana ilikuwa wazi, wakatakiwa wadhamini wawili wenye barua za serikali ya mtaa au kijiji na vitambulisho, na baba yake, ambaye anaishi kijijini Rungwe na ana shamba la chai linalojulikana, alikataa kuja kwa sababu ya aibu. Kijana akakaa ndani msimu wote wa baridi. Baadaye shauri liliondolewa mahakamani bila hata shahidi mmoja kuitwa. Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza ni huu: ndugu yako akikamatwa, iacheni aibu nyumbani muwahi mahakamani siku anaposomewa shitaka. Muulizeni karani namba ya shauri, mfahamu kosa lenyewe ni lipi, mwulize kama dhamana ipo na masharti yake, na mwende na wadhamini wakiwa tayari wana karatasi zao. Mtu atakayewafuata nje ya mahakama akidai kwamba kwa kiasi fulani cha fedha atazungumza na wakubwa, mwepukeni, kwa kuwa dhamana haiuzwi na fedha hiyo hamtaiona tena. Kama hamna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua pia watu walio vizuizini. Ulizeni gerezani au ustawi wa jamii ni wasaidizi gani wa kisheria wanaofika huko.

Kwa makosa madogo, ipo pia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomwezesha mtu ambaye kifungo chake hakizidi miaka mitatu kufanya kazi za umma akiwa nyumbani kwake badala ya kwenda kujaza gereza. Mahakama hutegemea taarifa ya afisa probesheni, ambaye huja kuuliza familia na viongozi wa mtaa. Afisa huyo akifika, msimkimbie wala msimpe majibu ya mkato.

Sasa kuhusu kutembelea. Siku za kutembelea na vitu vinavyoruhusiwa hutofautiana, kwa hiyo ulizeni getini kabla ya kubeba mizigo, maana nimewaona kina mama waliotoka Chunya na makapu yao wakirudishwa nayo. Chakula ulichopika, kama kinaruhusiwa, utatakiwa ukionje mwenyewe mbele ya askari, nawe usikasirike, ni utaratibu unaomlinda na ndugu yako. Mara ya kwanza nilipeleka wali na kuku. Askari wa kike aliyekuwa mezani alichukua kisu, akaukata mche wa sabuni niliouleta vipande vipande, akavipindua kimoja kimoja kuangalia kama kuna kilichofichwa ndani, kisha akavipanga upya kwenye mfuko kwa uangalifu kana kwamba ni vyake. Kijana alipoletwa, akakitazama kile chakula na kusema kwa sauti ya chini, "Shangazi, kuku usihangaike naye. Leta sabuni." Nilielewa baadaye kwamba chakula kizuri huzua maneno, mnyampara, yaani mfungwa anayesimamia wenzake, naye ana macho, lakini sabuni inaoga, inafua, na inabadilishwa kwa karibu kila kitu mle ndani. Dawa ya mswaki, kandambili, na kwa wanawake taulo za kike, ndivyo vitu ambavyo mfungwa huviwaza usiku. Kuanzia Mei, ulizeni kama blanketi au sweta linaruhusiwa, kwa kuwa baridi ya Mbeya, Njombe na Mufindi si jambo la mzaha kwa mtu anayelala kwenye sakafu ya saruji.

Mkikaa naye, msizitumie dakika hizo kumhoji kuhusu kosa. Mpeni habari za nyumbani, hata ndogo: mvua imeanza lini, mtoto wake anasoma darasa la ngapi, viazi vya Uyole vimepanda bei au vimeshuka. Yote yaliyomo mle anayajua kuliko ninyi.

Kuhusu afya nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndiko watu wetu wanakoangamia. Mikoa yetu hii ndiyo inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha Njombe ina asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6 kwa watu wazima, wakati kiwango cha taifa ni kama asilimia 4.4. Mtu wa huku anayekamatwa ghafla barabarani, kwa hiyo, ana uwezekano mkubwa kuliko wa mikoa mingine wa kuwa tayari yuko kwenye dawa za kufubaza virusi, na huenda dawa zake zimebaki chini ya godoro nyumbani bila mtu kujua. Chukueni siku hiyo hiyo kadi yake ya kliniki na dawa zake, mzipeleke kituo cha polisi na baadaye zahanati ya gereza, mkabidhi kwa mhudumu wa afya mwenyewe na si kwa mtu wa kupitisha. Kifua kikuu nacho hupenda chumba chenye watu wengi na dirisha dogo. Ukimwona ndugu yako anakohoa kwa wiki mbili na amekonda, omba kuonana na mganga wa gereza, ueleze kwa adabu na uombe apimwe makohozi. Kanuni za Mandela zinasema mfungwa anastahili tiba ya kiwango kile kile cha mtu aliye uraiani, lakini kwa uzoefu wangu, mfungwa anayeulizwa na ndugu zake hupimwa mapema kuliko asiyeulizwa na mtu. Hilo ni baya na ni kweli.

Askari wa magereza si adui. Wengi wamepita chuo chao cha Kiwira, hapa hapa kwetu, na wanaishi kwenye kota ambazo wewe usingezitamani. Askari aliyechoka na aliyezidiwa na idadi ya watu wa kuwalinda hawezi kuwa mpole kila saa. Anzeni na salamu. Kukiwa na kipigo au dhuluma, mwandikieni mkuu wa gereza, na isipojibiwa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina mamlaka ya kukagua magereza na kupokea malalamiko. Andikeni tarehe na mambo mliyoyaona kwa macho, msiandike tetesi, kwa sababu tetesi moja ikithibitika kuwa uongo huua barua nzima.

Nikiulizwa ni jambo gani moja serikali ingelifanya kwanza, ningejibu kupunguza msongamano, kwani mengine yote hutokana nao. Misamaha ya Rais husaidia: Desemba 2019 walisamehewa wafungwa 5,533, na Aprili 2021 wengine 5,001, baadhi wakitoka na baadhi wakipunguziwa muda. Lakini msamaha huondoa maji kwenye mtumbwi bila kuziba tundu. Tundu ni upelelezi usiokwisha, ni dhamana zisizo na wadhamini, na ni vifungo vya miezi michache kwa makosa ambayo faini au huduma kwa jamii ingetosha.

Kuhusu kazi za wafungwa, sioni ubaya mtu kulima au kuranda mbao, mradi apewe chakula cha kutosha na atoke na ujuzi. Jeshi la Magereza lina chuo cha ufundi hapa Ruanda, na nimekutana na seremala mmoja, sasa yuko Mafinga kwenye biashara ya mbao, ambaye randa aliishika kwa mara ya kwanza akiwa kifungoni. Mwulizeni ndugu yenu kama kuna fundi anayemfundisha, na mhimizeni afanye mtihani na apewe cheti, kwani cheti kikisahaulika ndani, kukifuatilia kutokea nje ni safari ndefu.

Mtoto wa kaka yangu alipotoka alikuja kukaa kwangu. Jioni moja mwenyekiti wa mtaa alipita kunisalimia kwa mambo yake mengine, akabisha hodi na kuingia, na kijana, ambaye alikuwa anamenya ndizi jikoni, akatoka mbio na kuchuchumaa kando ya ukuta, mikono magotini, kichwa chini, kama wanavyochuchumaa wakati wa kuhesabiwa. Mwenyekiti alinitazama, nami nikamtazama. Huyu hakuwa amehukumiwa na mtu yeyote. Ilimchukua muda mrefu kuacha kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na muda wote huo sikumkemea wala sikumcheka, nilimjibu tu "nenda, baba" mpaka siku alipoacha kuuliza mwenyewe. Familia nyingi hufanya sherehe siku ya kwanza, kisha kuanzia wiki ya pili wanamtaka awe kama zamani, na akishindwa wanasema jela imemharibu.

Kabla hajarudi, hakikisheni shamba lake halijauzwa na mkewe hajafukuzwa na mashemeji, maana mambo hayo mawili ndiyo yanayowarudisha watu gerezani kwa kosa zito kuliko la kwanza. Mpelekeni ninyi wenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji akatambulike, badala ya kusubiri majirani waanze kunong'ona pakiibwa kuku. Kama alikuwa kwenye dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi, ombeni atoke na kadi yake pamoja na barua ya uhamisho, na wiki hiyo hiyo mmoja wenu amsindikize kliniki iliyo karibu na nyumbani, bila kumtangazia mtu sababu ya safari hiyo.