Swali la lugha: Chembe cha mshale au chembe ya mshale?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha vijana kulenga shabaha kwa upinde wa jadi hapa Machakos. Nimeanza kuwaandikia maelezo ya namna ya kuchagua mishale, nikakwama kwenye majina. Nimeandika "kijiti cha mshale", "kichwa cha mshale" na "mkia wa mshale". Mshale usiopindika nimeuita "wenye nguvu", na unaopindika nimeuita "dhaifu". Mwenzangu anataka niandike "chembe ya mshale", tena anashikilia kwamba uta na upinde ni silaha mbili tofauti. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la mwisho kwa kuwa ni jepesi. Uta na upinde ni kitu kimoja. Uta ndilo neno kongwe, na wewe uliye Machakos huna haja ya kwenda mbali kulitafuta: Kikamba kinalo, Kikuyu kinalo, na hata Kishona cha kule Zimbabwe kinalo. Upinde limetokana na kitenzi "pinda", linaeleza umbo la kitu, ndiyo maana likatufaa pia kwa upinde wa mvua. Wingi wake ni pinde, si "mapinde" kama ninavyosikia siku hizi. Wingi wa uta ni nyuta au mata. Kwa vijana andika upinde, lakini wafundishe na uta, maana ni neno la babu zao hasa.

Sasa chembe. Neno hili lina ngeli mbili na maana mbili, na hapo ndipo mwenzako alipoteleza. Kile kipande kinachotiwa mbele ya mshale ni cha ngeli ya KI-VI: chembe cha mshale, vyembe vya mishale. Ngeli hiyohiyo ndiyo ya chembe cha moyo. Chembe ya ngeli ya I-ZI ni punje au kipande kidogo sana: chembe ya mchanga, chembe za damu, asiye na chembe ya huruma. Kwa hiyo ukisema "chembe ya mshale imebaki mwilini", msikilizaji mwenye sikio zuri ataelewa kibanzi kidogo tu kimebaki, si chuma chenyewe. Kiambishi kimoja kinambadilishia daktari kazi nzima. Wapo pia wanaosema kigumba, vigumba.

Usichanganye chembe na ncha. Ncha ni mwisho mkali wa kitu chochote. Chembe ni kitu kilichotengenezwa peke yake kikaja kutiwa. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, wanatuonyesha tofauti hii vizuri. Mishale yao ya kuwindia ndege huwa ni mti mtupu uliochongwa mbele: ina ncha, haina chembe. Ile ya wanyama wakubwa hutiwa chembe cha chuma, mara nyingi msumari uliofuliwa mpaka ukawa bapa, kisha hupakwa sumu. "Kichwa cha mshale" ulichoandika wewe kitaeleweka, lakini kwa nini tubebe maneno mawili ya kuazima sura ilhali moja la kwetu lipo?

Hata "kijiti cha mshale" kina jina: wano, wingi mawano. Wano la mshale, na hata wano la chusa kwa wavuvi wa pwani. Ukiwaambia vijana "nyoosheni mawano", umewapa neno ambalo halitachanganywa na kijiti cha kuchokonolea meno. Na neno "mkia" limebeba vitu viwili ambavyo mpiga mshale lazima avitenge: manyoya yanayouongoza mshale hewani, na ule mwanya wa nyuma unaoshika kamba. Huo mwanya mimi ningeuita panda ya mshale, kwa sababu ndivyo Kiswahili kinavyoita kila kinachogawanyika mara mbili: panda ya mti, njia panda.

Hapa nafika kwenye jambo lililonifanya nikae na barua yako siku mbili: "wenye nguvu" na "dhaifu". Tafadhali yafute. Kijana akisoma "mshale dhaifu" atadhani utavunjika, ataukimbia, hata kama ndio unaoufaa upinde wake. Ugumu wa wano si sifa wala aibu. Upinde wa jadi kwa kawaida haukuchongwa nafasi katikati, kwa hiyo mshale hupita ubavuni mwa mti. Ukiachiwa, wano hujipinda, hukizunguka kishikio, kisha hutulia likiwa hewani. Upinde wenye nguvu nyingi unataka wano gumu. Upinde mwepesi unataka wano linalokubali kupinda.

Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyolala hapa vikikusubiri. Kunepa ni kulegea kuelekea chini kwa sababu ya uzito, kama kamba ya nguo zilizolowa. Kunesa ni kupinda na kurudi kwa kuchezacheza, kama ufito au ubao mwembamba unaopitwa juu yake. Mafundi hupima wano kwa kuliweka juu ya mihimili miwili iliyoachana kama sentimita 66, hutundika katikati uzito wa gramu 900 hivi, na kutazama linashuka kiasi gani. Hapo wano linanepa. Likitoka upindeni linanesa. Mambo mawili, vitenzi viwili, wala huhitaji kueleza zaidi. Ukitaka nomino ya darasani, unyumbufu inatosha, ila uwanjani ningesema tu "wano hili halinesi".

Mengine kwa ufupi. Kamba ya upinde ni upote, au ugwe wa uta. Mfuko wa mishale ni podo, nalo huenda na LI-YA: podo langu, mapodo yetu. Mshale hupachikwa kwenye upote. Kulenga ni kuelekeza. Kufuma ni kupata na kuchoma, kwa hiyo asiandike mtu "nilimfuma swala nikamkosa".

Nimejaribu kuyaandika upya maelezo yako, uyarekebishe upendavyo:

"Chagua wano lililonyooka, linalonesa kulingana na nguvu ya upinde wako. Tia chembe, kisha funga manyoya matatu, yote yawe ya bawa la upande mmoja. Pachika panda ya mshale kwenye upote, unyoya mmoja ukitazama nje, mbali na upinde. Vuta, lenga, achia. Ikiwa unavuta kwa mkono wa kulia na mishale inakwenda kushoto kila mara, huenda wano halinesi vya kutosha: jaribu lililo refu kidogo, au tia chembe kizito zaidi. Ikikwenda kulia, linanesa kupita kiasi."