Mdogo wako wa Kasulu, PCM na Uhandisi wa Kompyuta UDSM

Dada, umeuliza kama mdogo wako anaweza kupata Uhandisi wa Kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Kwa hayo matokeo yake ya kidato cha sita ya PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), yaani Hesabu (Advance) B, Fizikia C, Kemia D, sifa anazo kabisa usimvunje moyo. TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, wanahesabu A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kiwango cha chini ni pointi 4 kwa masomo mawili, yeye kwa Hesabu na Fizikia tu ana 7. Ila kuwa na sifa sio kuchaguliwa, nafasi zina idadi na wanaoomba kompyuta ni wengi wenye A zao, kwa hiyo hapo mi naona ana nafasi ya kati, sio ya uhakika. Asijaze kompyuta peke yake, aweke na kozi nyingine za uhandisi anazoziweza, halafu aombe na DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) na MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia) kule Mbeya, maana maombi siku hizi unatuma chuo kimoja kimoja mwenyewe.

Kitu kingine naomba sana, asiende kujaziwa steshenari hapo mjini halafu jamaa akaweka namba yake ya simu na imeili yake. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa athibitishe chuo anachokitaka kwa kodi, yaani namba maalum inayokuja kwenye meseji, sasa ikienda kwa mtu baki na dirisha la kuthibitisha lina mwisho wake, mtoto anapoteza nafasi aliyoipata kihalali kabisa. Laini iwe yake, chaji iwepo, na awe anaingia kwenye akaunti yake kila siku.