Mnauliza kuhusu Makalasinga

Nikisimama hekaluni Makindu nikala, nitadaiwa pesa au kuvutwa niingie dini yao? (Dereva wa lori, Voi)

Hudaiwi, huvutwi. Hekalu hilo la kando ya barabara ya Mombasa lilijengwa mwaka 1926 na Makalasinga wa reli, na jiko lake humlisha yeyote. Mlo huo huitwa langar, nao ni sehemu ya ibada. Ulianza enzi za Guru (yaani mwalimu) Nanak (1469–1539), mwanzilishi wa dini hiyo, na Guru wa tatu, Amar Das, akaweka sharti: anayetaka kumwona, kwanza aketi ale na wenzake. Kwa India ya matabaka, ambako Brahmin, mtu wa tabaka la juu, hakuthubutu kula na mfagiaji, hilo halikuwa jambo dogo. Ndiyo maana hata leo tajiri na utingo huketi safu moja. Nyama haipikwi, ili asiwepo mgeni wa kusita. Sanduku la mchango lipo, ila hakuna atakayekuangalia; kuosha vyombo nako ni mchango, tena mkubwa. Kosa ni kujaza sahani kisha ukabakiza.

Mbona wanakisujudia kitabu?

Wao wanamwabudu Mungu mmoja asiye na umbo. Kitabu hicho, Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1,430, ndicho Guru wao tangu 1708, Guru Gobind Singh alipokata mlolongo wa maguru binadamu. Kwa hiyo hukiheshimu kama mwalimu aliye hai: hupepewa, na usiku hupelekwa kupumzishwa. Wengi hushangaa kusikia kwamba ndani yake mna beti za Sheikh Farid, Mwislamu. Karibu beti zote za kitabu huimbwa, kwa kinanda na ngoma za tabla.

Husali mara ngapi?

Mara tatu: alfajiri husoma sala ya Japji, jioni Rehras, na Sohila kabla ya kulala. Mwanamke aweza kuongoza. Dua yao ya pamoja, Ardas, humalizikia kwa kuwaombea heri watu wote, si Makalasinga peke yao.

Jirani yangu hunyoa, hana kilemba. Ni Kalasinga kweli?

Kutonyoa, bangili ya chuma na alama nyingine tatu ni sharti kwa walioingia Khalsa, jumuiya iliyoanzishwa 1699. Si wote walioingia. Mengine muulize mwenyewe, kwa adabu.

Nikienda nivae nini?

Nguo za heshima. Funika kichwa, vua viatu, sigara iache nje. Ukipewa halua, pokea kwa mikono miwili.