Maswali yenu: saikopathi, sosiopathi na kichaa

Mume wangu ananidanganya kuhusu fedha na ana mwanamke wa nje. Je, ni saikopathi? (Msomaji, Tabora)

Dada, swali hili naletewa kila mwezi, na kila mwezi mwulizaji ameshahukumu kwa video ya dakika mbili. Kipimo cha usaikopathi, yaani hulka ya ubaridi, ulaghai na kukosa majuto, kinachotumika zaidi alikitunga mwanasaikolojia Mkanada Robert Hare, kikatolewa rasmi mwaka 1991. Kina vipengele 20, kila kimoja alama 0 hadi 2, na huko Amerika Kaskazini mtu huhesabiwa saikopathi akifikisha 30 kati ya 40. Anayepima amesomea kazi hiyo: anamhoji mtu kwa saa kadhaa, kisha anasoma mafaili yake ili asidanganywe. Uongo umo kwenye orodha, lakini uongo peke yake haumfikishi mtu popote.

Mumeo anaweza kuwa mwongo na mzinzi tu, na hilo linatosha kukuumiza. Hukuniuliza, ila nakuambia: hati ya kiwanja ina jina la nani, na iko wapi? Anza na hilo.

Saikopathi na sosiopathi wana tofauti gani? (Msomaji, Mombasa)

Hakuna daktari anayeandika lolote kati ya hayo mawili kama jina rasmi la ugonjwa. "Sosiopathi" lilienezwa na Mmarekani G. E. Partridge mwaka 1930. Baadaye mwanasaikolojia David Lykken akapendekeza kwamba saikopathi huzaliwa na hulka isiyoogopa, na sosiopathi hutengenezwa na malezi mabovu. Ni wazo zuri la kufikirisha, lakini maisha hayagawanyiki hivyo.

Tofauti yenye uzito ni nyingine. Mwongozo wa madaktari wa Marekani una tatizo la haiba (yaani la tabia ya kudumu ya mtu) linaloitwa la kupingana na jamii, ambalo zaidi linahesabu matendo: kuvunja sheria, kupigana, kulaghai, kutojali usalama wa watu, kutoshika kazi. Usaikopathi unahesabu matendo na moyo pia: ubaridi, kukosa majuto, ulimi mtamu usio na kitu nyuma yake. Mwaka 2002 watafiti Fazel na Danesh walikusanya tafiti za magereza kutoka nchi 12, wakakuta karibu nusu ya wafungwa wanaume wana tatizo hilo la haiba. Wanaofikia kiwango cha saikopathi ni wachache zaidi.

Mchukue kijana aliyekulia stendi. Anapora simu, anachomoa kisu, ameshafungwa mara tatu. Mama yake akilazwa, anakesha nje ya wodi. Huyo ni hatari, lakini moyo wake haujafa. Ukimwita saikopathi umemfungia mlango ambao bado uko wazi.

Kwa hiyo saikopathi ni kichaa? (Wengi mno)

Hapana! Hili nimelijibu hadi nimechoka, na sitaacha kulijibu. Mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mnaouita kichaa, mara nyingi husikia sauti ambazo wewe huzisikii, na wengi hupata nafuu kwa dawa. Saikopathi hasikii sauti yoyote. Daktari wa akili Mmarekani Hervey Cleckley alishawaeleza saikopathi mwaka 1941: watu wenye kauli timamu, wasioweweseka, wanaojua wanachofanya. Kila mnapoandika "mgonjwa wa akili" chini ya habari ya muuaji, kuna familia inamfungia kijana wake chumba cha uani kwa aibu badala ya kumpeleka hospitali ya akili, Mirembe au Mathari.

Bosi wangu anajisifu kutwa. Ni saikopathi? (Msomaji, Nairobi)

Anayehitaji makofi yako ni narsisti, yaani anayejipenda kupita kiasi, labda. Saikopathi hahitaji sifa zako; anataka unachomiliki.

Mwanangu wa miaka 9 anatesa paka na haonyeshi huruma. Baba yake anamchapa, haisaidii. (Mama, Mwanza)

Mama, jina la tatizo la haiba la kupingana na jamii halitolewi kabla ya miaka 18, kwa hiyo mtu yeyote asimwite mwanao hivyo, hata mwalimu. Lakini umefanya vizuri kuona mapema. Kwanza chunguza, bila kumtisha, kama kuna mtu anayemuumiza yeye. Pili, fimbo ziishe leo. Mtoto mwenye ubaridi wa aina hii hajifunzi sana kwa adhabu. Husogea zaidi kwa joto la mzazi na kwa kusifiwa anapotenda jema. Mpeleke hospitali ya rufaa, uliza kitengo cha afya ya akili. Na paka ahamie kwa jirani.

Tangu nimzike baba sihisi chochote, hata watoto wangu wakilia. Nimekuwa saikopathi? (Msomaji, Kigoma)

Kaka, pole sana. Ukavu huo ni wa msiba, au ni sonona inaanza. Usaikopathi haumwingii mtu mzima ghafla baada ya mazishi. Kama kwa wiki mbili huli vizuri, hulali, au unawaza kufa, usingoje arobaini: nenda kituo cha afya wiki hii, na mwombe ndugu mmoja akusindikize.