Nianzie wapi kuelewa lugha ya programu inavyofanya kazi ndani?

Swali: Naandika Python kila siku, lakini sijui kinachotokea kati ya msimbo wangu na jibu ninaloliona kwenye skrini. Nianze kwa kusoma nadharia ya kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine?

Jibu: Nadharia iache kwanza. Andika kikokotoo, kwa Python hiyo hiyo, kinachopokea maandishi kama 2 + 3 * 4 na kutoa 14. Usitumie eval, funksheni ya Python inayokokotoa maandishi yenyewe, maana utakuwa umemwachia mwingine kazi ile ile uliyotaka kuijua.

Kwanza unayakata maandishi vipande: namba, alama, mabano. Kisha unavipanga vipande kuwa mti, kuzidisha kukikaa chini ya kujumlisha ili kukokotolewe mapema. Mwisho unapanda kutoka kwenye majani hadi kwenye shina ukikusanya majibu. Hatua ya kati ndiyo itakayokutoa jasho.

Ikikubali, ongeza vipeo, halafu ujiulize -2 ** 2 ni ngapi (** ni alama ya kipeo). Python hujibu -4, kwa sababu kipeo huishika 2 kabla ya alama ya kutoa. Excel, ukiandika =-2^2, hujibu 4. JavaScript hukataa kabisa na kudai kuna kosa la sintaksia mpaka uweke mabano. Hakuna aliyekosea hesabu hapo. Wabunifu wa lugha hizi waliamua tofauti tu. Mimi naona JavaScript ndiyo iliyotumia busara, ingawa inaudhi. Kwako uamuzi huo utakaa katika mstari mmoja au miwili ya sarufi, yaani kanuni za kupanga vipande kuwa mti, na itabidi uufanye mwenyewe.

Ukitaka kikokotoo kiwe lugha, ongeza vigeu na funksheni. Vigeu ni rahisi: kamusi moja ya jina na thamani yake inatosha. Funksheni ndizo zenye mtego. Funksheni ikitaja kigeu x ambacho hakimo ndani yake, kitafutwe pale funksheni ilipoandikwa au pale ilipoitwa? Lugha za mwanzo za jamii ya Lisp zilitafuta ilipoitwa. Scheme, Lisp ya mwaka 1975, ikafuata njia ya lugha nyingine ya zamani, Algol: ilipoandikwa. Python nayo hivyo hivyo. Jaribu zote mbili katika lugha yako, kisha andika programu ndogo inayotoa majibu mawili tofauti. Ukishindwa kuiandika, bado hujaelewa, rudia.

Ukitaka kuichungulia Python yenyewe, moduli yake ya dis itakuonyesha baitikodi, yaani maagizo madogo ambayo Python huyatekeleza, ya funksheni yoyote uliyoandika. Mambo ya kuzalisha msimbo wa mashine yanaweza kusubiri.